Sekunde Mbili za Kuanguka

Mtu akitaka kutengeneza sinema ya vinyago vinavyotembea, jambo la kwanza analofundishwa ni kutulia. Kamera isisogee. Meza isitikisike. Mwanga usibadilike. Kinachoruhusiwa kusogea ni kinyago peke yake, tena kwa upana wa ukucha, kisha unaondoa mkono wako, unabonyeza, unapata picha. Unasogeza tena. Mimi nilifundishwa kutulia katika miezi ambayo Nairobi nzima ilikuwa haijatulia, na sijui kama nimewahi kuogopa namna ile tena, na nimezaa watoto watatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Shauri Moyo nikisubiri matokeo. Kusubiri matokeo kulikuwa kazi kamili siku hizo: unafua, unapika, unatumwa sokoni Gikomba, na kila mtu mzima anayekupita anataka kujua unatarajia kupata nini. Mama alikuwa mshonaji, cherehani yake imekaa dirishani. Baba alikuwa dereva wa serikali. Aliendesha gari la mkubwa fulani, na kwa sababu ya kazi hiyo alizoea kusikia mengi na kusema machache, hata nyumbani.

Kituo cha utamaduni cha nchi moja ya ng'ambo, kule mjini, kilitangaza mafunzo ya wiki mbili kwa vijana. Nilienda kwa sababu yalikuwa ya bure na yaliniondoa nyumbani. Tulikuwa wanane. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mzungu, mvutaji sigara, na alikuwa amejifunzia Kiswahili chake pwani, kwa hiyo alitushinda Kiswahili sisi wa Nairobi na akafurahia sana kutushinda.

Alitueleza kwamba jicho la mtu ni vivu. Ukiliwekea picha kumi na nane kwa sekunde moja, halizihesabu, linaziunganisha lenyewe na kudai limeona kitu kikitembea. Kila mkao wa kinyago unaupiga picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja ni mikao tisa. Nilipiga hesabu palepale nikataka kwenda nyumbani. Filamu moja ilikuwa na picha elfu tatu na mia sita, na ilitosha dakika tatu na kidogo. Kila mmoja wetu angepewa kamera ya kuazima kwa mwezi mmoja na filamu moja tu. Ukikosea, umekosea. Na hutajua umekosea mpaka filamu ipelekwe Ulaya kwa posta, isafishwe, irudi baada ya wiki kadhaa.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kamera yenyewe. Niliibeba kutoka mjini ndani ya kikapu, nimeifunika kwa sukuma wiki, nikitembea katikati ya watu wa Gikomba nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kila kijana aliyenitazama nilimwona ni mwizi. Wengine huenda walikuwa wezi kweli, lakini sukuma ilinisaidia.

Hadithi yangu ilikuwa nyepesi, na naomba msomaji aniamini ninaposema hivyo, kwa sababu baadaye hakuna aliyeniamini. Nilikuwa nimewaza juu ya kiti. Kiti ni mbao, na mbao ilikuwa mti. Je, kiti kikikumbuka kwamba kilikuwa mti? Mzee anakuja, anaketi kwenye kiti chake, anastarehe. Kiti kinaanza kuchipua. Kinatoa majani, kinatoa matawi, kinarefuka, na mwisho kinajitikisa na kumtupa mzee chini ili kiwe mti kamili. Basi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na niliiona hadithi hiyo kuwa nzuri ajabu.

Nilihitaji mzee, na mzee nilikuwa na pa kumpata. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mchongaji. Banda lao halikuwa mbali na kwetu: wanaume wengi wameketi chini kwenye vumbi la mbao, kila mmoja na chake, huyu anachonga twiga, yule vifaru, mwingine vijiko vya saladi. Mjomba alichonga wazee. Wazee tu, tangu alipofundishwa na mtu wa kijijini kwao Ukambani, mzee yuleyule kila siku, wa kuuzwa kwa watalii. Hakuchora wala kupima. Aliishika mbao kwa miguu, akainua tezo, na mzee akatoka.

Mimi ni binti wa pili, nina jina la mama yake, kwa hiyo mjomba hajawahi kuniita kitu kingine isipokuwa mama.

"Mama, unataka mzee wa aina gani?"

"Mzee tu, mjomba. Mwenye kuketi kwenye kiti."

"Umekuja kwa mwenyewe," alisema.

Siku mbili baadaye mzee alikuwa tayari, urefu wa chupa ya soda, amechongwa kwa mbao ya muhugu. Mjomba alikuwa amemkata kwa msumeno shingoni, mabegani, viwikoni, nyongani na magotini, kisha akamuunga upya kwa waya wa shaba uliosokotwa, ili kila kiungo kipindike na kibaki pale kilipopindwa. Chini ya miguu aliacha matundu ya misumari midogo ya kumsimamisha mezani. Mkono wa kulia ulishika kirungu kifupi. Sikuuliza kirungu ni cha nini. Wazee wote wa mjomba walishika kirungu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na mkono na kirungu vilikuwa kipande kimoja cha mbao. Na kwenye unyayo wa kushoto alikuwa amechoma namba yake ya uanachama katika banda, kama alivyochoma kwenye kila kitu alichowahi kuchonga. Hilo pia nililiona bila kuliona.

Nilifanya kazi kwenye meza ya cherehani. Mama alikubali kushonea sakafuni kwa mkono kwa wiki tatu, na hakunung'unika zaidi ya mara kumi kwa siku. Dirisha tulilifunika blanketi, kwa maana jua halitulii, na ukilitegemea mzee wako atakuwa mweupe asubuhi na mweusi mchana ndani ya sekunde ileile. Taa ya kusomea ndiyo ilikuwa jua letu. Lori likipita barabarani meza ilitetemeka, nami nikasubiri mpaka kila kitu kitulie. Majani ya kweli niliyachuma kwenye ua nikayabandika kwenye kiti, na kabla sijapiga picha ya tano yalikuwa yamenyauka kwa joto la taa. Nikayatupa, nikakata majani mengine kutoka majalada ya kijani ya madaftari yangu ya shule. Mbao nayo ilikuwa bado mbichi, na joto likaipasua nyuma ya kichwa cha mzee. Mjomba akaja na nta na rangi ya viatu, akaziba ufa na kumsugua mpaka nikamwomba aache, maana aling'aa mno.

Hofu ya siku hizo ilikuwa ya mkono wangu mwenyewe. Niliogopa kupiga chafya. Niliogopa kugusa mguu wa kamera kwa goti. Niliogopa kusahau nimefika mkao wa ngapi, na mara mbili nilisahau. Usiponionea huruma kwa hofu hiyo sitakulaumu. Hata mimi naitamani leo.

Kuanguka ndiko kulikonipa taabu. Mtu wa mbao haanguki polepole. Ukimwachia, ameshafika chini. Mjomba alimfunga uzi mwembamba wa nailoni kiunoni, akaupitisha kwenye msumari wa darini, nami nikawa namshusha mzee kidogo kidogo, kichwa chini, miguu juu, nyayo zikielekea kamera. Mikao kumi na minane. Picha thelathini na sita, sekunde mbili. Tulifanya kazi hiyo Jumamosi nzima, mjomba akishika uzi, mimi nikibonyeza, na tulicheka sana. Jumatatu nilimpelekea mwalimu filamu na kamera yake, naye akaiweka filamu kwenye bahasha na kuipeleka posta mbele ya macho yangu.

Wiki iliyofuata ndipo vijana walipokusanyika kwenye uwanja ulio karibu na kwetu kudai vyama vingi, na polisi wakaja. Sitasimulia habari za uwanjani, sikuwapo. Nilikuwa chini ya meza ya cherehani na mama, tukisikia milio, na moshi wa kutoa machozi uliingia mpaka ndani ya sufuria ya githeri. Siku zilizofuata watu walichukuliwa majumbani kwao. Mwuza kaseti wa barabarani, mtu aliyenisalimu kila siku, alichukuliwa kwa ajili ya nyimbo zilizokuwa kwenye kibanda chake. Ofisi zilifungwa, na baba akakaa nyumbani mchana, jambo ambalo sikumbuki likitokea kabla ya hapo.

Kwa kukosa la kufanya, alianza kutazama vitu. Akatazama kabati. Juu ya kabati mzee wangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kirungu mkononi.

"Nani huyu?" baba aliuliza.

"Ni mzee, Baba."

"Mzee gani?"

"Mzee tu. Wa sinema yangu."

"Ana nini mkononi?"

"Kirungu."

Baba alitazama juu ya mlango. Siku hizo kulikuwa na mzee mmoja tu nchini ambaye kila mtu alimjua kwa kirungu chake. Picha yake ilitundikwa katika kila duka na kila ofisi, na hata chumbani kwetu ilikuwapo, juu ya mlango, baba aliitundika mwenyewe.

"Na katika sinema yako anafanya nini?"

"Anakuja anaketi kwenye kiti."

"Halafu?"

"Anakaa."

"Anakaa muda gani?"

"Muda mrefu," nilisema, na hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Nilijisikia nikiendelea kusema, kwa sababu baba alikuwa akisubiri na sijawahi kuweza kumdanganya. "Halafu kiti kinamchoka. Kinamtupa chini."

Baba aliinuka akafunga mlango, kisha akafunga dirisha. Aliketi tena. Aliiweka mikono yake magotini, kama mtu aliyeshika usukani.

"Filamu iko wapi?"

"Iko posta. Inakwenda Ulaya."

"Mungu wangu," alisema baba, na mama akaweka sindano chini.

Mjomba aliitwa mchana uleule. Alikuja na vumbi lake la mbao, akasikiliza yote, kisha akacheka. Alisema huyo ni mzee tu, amechonga maelfu kama yeye na wako katika nyumba za wazungu duniani kote, na hakuna serikali iliyoanguka. Baba hakucheka. Alimchukua mzee, akamgeuza miguu juu, akamwonyesha unyayo.

"Na hii namba, shemeji?"

"Ni namba yangu."

"Imeandikwa wapi kwingine?"

"Kwenye daftari la banda," mjomba alisema. "Kando ya jina langu."

Baba alinigeukia. Aliuliza kama unyayo ule unaonekana kwenye sinema. Nikakumbuka Jumamosi yetu, kichwa chini, miguu juu, jinsi nilivyomwelekeza mzee vizuri kabisa ili taa impige nyayoni. Nilisema unaonekana. Nilisema unaonekana kwa karibu sekunde moja, na ukutani utakuwa mkubwa kama sinia. Mjomba aliacha kucheka.

Ningeweza kusema kwamba tulikuwa wajinga, kwamba hakuna ambaye angejishughulisha na mchezo wa msichana wa Shauri Moyo. Watu huniambia hivyo leo, hasa vijana, na hunikasirisha. Hawakuwa pale. Hawakumwona mke wa mwuza kaseti akienda kituo kimoja cha polisi baada ya kingine na nguo safi za mumewe kwenye mfuko, akirudi nazo. Mwenye filamu ni mtoto wa shule, angepigwa makofi akarudishwa. Baba angefukuzwa kazi. Lakini namba ilikuwa ya mjomba. Mtu wa kuchukuliwa alikuwa mjomba.

Mzee alichomwa siku hiyohiyo. Mjomba mwenyewe alimvunja viungo, akachomoa waya, akatia vipande kwenye jiko. Muhugu una harufu tamu unapoungua, na mama, akiogopa majirani watauliza kinachonukia, akateleka chai juu yake ili paonekane panapikwa. Tulikunywa chai hiyo wote wanne. Kesho yake mjomba alifunga tezo zake kwenye gunia, akaliacha chini ya kitanda chetu, akahamia mtaa wa Mukuru kwa Njenga, kwa kijana mmoja wa kijijini kwao. Bandani aliaga kuwa anakwenda nyumbani kulima.

Wiki zile za kusubiri ndizo hasa ninazozikumbuka. Gari likipunguza mwendo nje, sisi tuliacha kutafuna. Palikuwa na jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kijana asiye na kazi inayojulikana lakini mwenye viatu vya kung'aa. Asubuhi moja alinikuta bombani.

"Niaje, siz. Naskia mko na kamera hapo kwenu?"

Niliendelea kukinga maji. "Ilikuwa ya shule. Nilirudisha."

"Si ungenipiga hata moja tu, nitume ushago?"

"Haikuwa ya picha hizo."

"Sasa ilikuwa ya picha gani?" aliuliza, huku akitabasamu. Nilipojitwisha ndoo akasema, "Poa. Nitakumbuka."

Kwa mwezi mzima nilimchambua huyo kijana na hilo neno lake. Labda alitaka kweli picha ya kumtumia mama yake kijijini. Sijui hata leo, na mama aliacha kuchota maji bombani mchana, akawa anakwenda gizani asije akaonekana.

Nilimtembelea mjomba mara moja. Alikuwa akipanga foleni kila asubuhi kwenye lango la kiwanda kule Industrial Area, na siku akipata kibarua alibeba makreti mpaka jioni. Nilimkuta ameketi nje ya chumba cha mwenyeji wake, akitazama mikono yake, na mahali alipozoea kuwa na sugu za tezo palikuwa na malengelenge mapya. Alisema hafai kazi ya kreti. Aliuliza habari za posta, nikasema bado. Kila mara mtu asiyemjua alipoingia kwenye uchochoro alinyamaza mpaka mtu huyo apite. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia waziwazi, na wapita njia wakanipisha kwa heshima, wakidhani nimefiwa.

Filamu ilirudi. Mwalimu aliniita peke yangu, akafunga mapazia ya chumba cha mafunzo, akawasha projekta.

Mzee alitembea. Nilikuwa nimesahau kwamba angetembea. Niliingia mle nikitafuta namba, nimekaza macho, na badala yake akaja mzee wa mjomba, hatua kwa hatua, akitikisa mabega kidogo kama wazee wa kwetu wanavyofanya, akaketi, akavuta pumzi. Ile pumzi sikuipanga. Ni mkono wangu uliokuwa umemgusa kifua. Majani yakatoka. Kiti kikarefuka. Kisha kikamtupa, na akaanguka polepole, akigeuka hewani, vizuri kuliko nilivyotarajia, na namba ikaja ukutani, tarakimu tatu, ikasomeka wazi kama namba ya nyumba.

"Hii ndiyo bora kuliko zote," mwalimu alisema. Ijumaa kungekuwa na maonyesho ya filamu zetu, saa tisa alasiri. Wageni walikuwa wamealikwa. Mmoja wao alikuwa afisa wa wizara. Karatasi ya mwaliko ilikuwa imekwisha kuchapishwa, na filamu yangu imo, imeitwa Kiti.

Nilimwambia nataka kukata mwisho. Alishangaa. Alisema bila kuanguka hakuna hadithi. Nilisema nimebadilisha mawazo, na sauti yangu ikanisaliti. Alinitazama muda mrefu, akatazama mlango, na nadhani akaelewa, kwa sababu alikuwa ameishi nchini miaka kadhaa na hakuwa mjinga. Alinipa mkasi na kifaa cha kuungia filamu, akanionyesha mahali pa kukata, kisha akasema anakwenda kuvuta sigara nje, na akakaa huko muda wa sigara tatu.

Niliinua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha. Kilikuwa kifupi kuliko kiganja changu pamoja na vidole. Wazee thelathini na sita, kila mmoja mdogo kuliko ukucha, wote wakianguka. Nilikichomea kwenye sinki. Hakikuwaka, kilijikunja na kunuka, nami nikakifungulia maji.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Baba alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, akiwa na sare yake ya kazi. Filamu yangu ilipoanza nilimtazama afisa badala ya ukuta. Mzee aliingia na kirungu chake, na watu wakachekacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla, kila mtu akitazama afisa anafanyaje. Mzee akaketi. Kiti kikachipua, majani yakamzunguka, na filamu ikaishia hapo, mzee ameketi kwenye kiti chake kilichostawi.

Afisa alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, akasimama, na ukumbi wote ukasimama. Alisema hiyo ndiyo sinema tunayohitaji, kwamba kijana huyu ametuonyesha jinsi nchi inavyostawi pale mzee anapoketi kwa utulivu. Makofi yakaongezeka. Nilisimama mbele nikiwa nimeinamisha kichwa, na walidhani ni haya ya msichana. Ilikuwa haya kweli.

Kisha akanyoosha kidole ukutani. "Na huyu mzee, amechongwa na nani? Kazi safi sana hii. Nani mchongaji?"

Nilimtazama baba. Uso wake haukuniambia chochote.

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Nilijifunza tu nyumbani."

"Hata wasichana siku hizi wanachonga!" afisa aliuambia ukumbi, na akanipa mkono.

Jumapili nilikwenda Mukuru kumwambia mjomba kwamba yamekwisha. Nilimweleza kila kitu: mkasi, sinki, afisa, makofi. Alinifanya nirudie jinsi mzee alivyotembea. Alinifanya nisimame nitembee kama yeye, pale nje, mbele ya majirani wa watu. Alicheka mpaka akajipangusa macho, na nilimwona akilegea mabega, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai. Alisema Jumatatu atarudi bandani.

"Na alipouliza nani mchongaji," akasema, "ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ni mimi, mjomba. Niliogopa."

"Ulifanya vizuri, mama."

Alisema hivyo upesi, na alimaanisha. Aliingia ndani kuniletea maji, akachelewa kidogo, akatoka na kikombe. Aliketi karibu nami, akatazama uchochoro.

"Miaka ishirini na mitano nachonga," alisema, "hakuna mtu amewahi kuuliza."